Nyumba ya Mkuu wa Stesheni

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana foleni za magari zilikuwepo tayari, palikuwa na mji uitwao Kurunge. Ninyi mlioketi huko nyuma, sogeeni mbele, sina sauti ya kuchezea. Na ninawaomba jambo moja kabla sijaanza: nikimaliza, msinijibu wote kwa mpigo. Kila nikisimulia kisa hiki watu hugombana, na mimi ndiye hubaki nakusanya viti.

Basi, mji wa Kurunge ulikuwa unakua. Mwaka huu unakua, mwaka ujao unakua. Watu walikuja kufanya kazi kiwanda cha saruji, wakaita ndugu zao, ndugu wakaita wake zao, na wote wakataka kufika sokoni asubuhi kwa barabara ile ile moja. Mtu alitoka nyumbani kanyoa ndevu, akafika kazini zimeota. Kila mtu alilalamika, na halmashauri ya mji ikakutana kuzungumzia malalamiko, ikanywa chai, ikaahirisha.

Katika halmashauri hiyo alikuwepo kijana mmoja, mpangaji mji, jina lake Kondo Mfaume. Huyu Kondo aliingia kikaoni na mchoro, akautandaza mezani juu ya sahani za sambusa. Akasema, "Waheshimiwa, mji huu utakwenda upande wa Ndago. Tuache ukanda wa ardhi wazi kutoka sokoni hadi Ndago, asijenge mtu, ili siku moja ipite treni."

Wakacheka. Ndago wakati huo ilikuwa vichaka. Diwani mmoja akasema, "Bwana Kondo, treni ya nani? Ya nyani?" Wakacheka tena. Lakini chai ilikuwa imekwisha na watu walitaka kwenda nyumbani, kwa hiyo wakapitisha mchoro bila kuusoma. Nimesema bila kuusoma, lishikeni hilo.

Sasa nitawaambia kosa la Kondo mapema, msije mkasema nampendelea. Mstari ule aliuchora kwa rula. Aliweka rula sokoni, akaiweka Ndago, akapiga mstari. Hakwenda kuutembea kwa miguu. Laiti angetembea, angekuta kule vichakani nyumba moja ya mawe, na ndani yake mtu na mkewe, wameketi wanakula mihogo.

Mtu mwenyewe ni Mzee Ngwali, fundi wa kushona magodoro. Mkewe ni Bi Kidawa. Bi Kidawa alipofuka macho akiwa bado bibi harusi, na nyumba ile akajifunza kwa mikono, ukuta kwa ukuta, mpaka akaijua kuliko wewe unavyoijua yako. Alipika mwenyewe, alichota maji mtungini mwenyewe, alimwambia mumewe, "Nani kahamisha kigoda?" Mgeni angekaa naye saa nzima ndani ya nyumba ile asijue kuwa haoni.

Wapimaji wakaja kupanga mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa. Jiwe, jiwe, jiwe, wakafika ukutani kwa Mzee Ngwali. Mngefanya nini ninyi? Watu wenye akili zao wangerudi ofisini kuuliza. Wale waliruka nyumba, wakaendelea kupanga mawe upande wa pili, wakapanda gari wakaondoka! Mzee Ngwali akabaki mlangoni na sindano yake mkononi, ana jiwe kushoto na jiwe kulia.

Akaenda mjini kumwona Kondo. Akamwambia, "Mwanangu, mstari wako umepita chumbani kwangu. Upinde kidogo tu."

Kondo akaona haya, lakini akakataa. Akasema, "Mzee wangu, shikamoo, na unisamehe. Nikiupinda kwako leo kwa sababu una haki, kesho nitaambiwa niupinde kwa tajiri kwa sababu ana gari. Mstari ukipinda mara moja hautanyooka tena. Na treni yenyewe bado, mzee. Kaa kwa amani."

Mzee Ngwali akarudi akakaa. Sasa hapo nani ana haki? Msijibu! Nimesema mpaka mwisho.

Meya wa wakati ule akatoka, akaja mwingine. Meya mpya anataka nini? Mchoro mpya. Kila meya alikuja na treni yake kichwani: huyu anataka ipite juu, huyu anataka ipite chini ya ardhi, huyu hataki treni anataka barabara ya kumfikisha shambani kwake. Na kila mmoja alimwita Kondo akamwambia, "Tia sahihi hapa, ule ukanda tuuze." Kondo akasema sitii. Wakamnyima cheo. Kondo akasema sitii. Wakamhamishia chumba kilichopakana na choo, akawa anapanga mji huku amejiziba pua. Kondo akasema sitii. Wenzake waliotia sahihi walijenga nyumba, wakajenga na za kupangisha. Kondo alikaa nyumba ya serikali, mvi zikamtoka, hana hata banda la kuku. Na ule ukanda ukabaki mtupu.

Huku nyuma, mji ukafanya vile vile alivyosema. Ukaenda Ndago! Vichaka vikafyekwa, nyumba zikabanana, watoto wakazaliwa. Katikati ya zile nyumba ukanda wa treni ukawa umelala wazi, na ndani yake nyumba moja tu, ya Mzee Ngwali. Mahali wazi katika mji uliojaa, mnajua wenyewe. Kila mwenye fedha akipita, anameza mate ya uchu.

Na Ndago alikuwepo mwanamke, Bi Mwajabu, muuza vitumbua. Mumewe, Mzee Shomvi, alikuwa mgonjwa wa moyo. Hospitali iko ng'ambo ya mji, na barabara ni ile ile moja. Kila moyo ulipomshika mumewe, Bi Mwajabu alimpakia kwenye gari la kukodi, akamshika mkono, wakakaa kwenye foleni wanaangalia tairi za malori. Aliposikia kwamba ukanda ule ni wa treni, na kwamba treni itasimama mbele ya hospitali, akaapa. Akasema, "Atakayejenga pale atanijengea juu ya kifua."

Sasa sikilizeni desturi ya Kurunge. Palipotandikwa matanga hapachimbwi. Mpaka arobaini ipite, hapaingii koleo, haliingii jembe, hata mtu wa mchicha anasubiri. Tajiri asiyemwogopa Mungu wala polisi, hili aliliogopa. Bi Mwajabu analijua. Basi akawa kila Ndago ikifiwa, anawahi yeye kwa wafiwa: "Poleni jamani, kwenu padogo, turubai tulifunge pale ukandani, pana nafasi." Wafiwa wakashukuru. Wauzaji wa viwanja wakija na wateja wao, wanakuta vilio na mikeka, wanavua kofia wanarudi. Na ule ukanda ukabaki mtupu.

Lakini watu hawafi kwa ratiba! Kuna miezi Ndago nzima ilikuwa na afya, na wauzaji wakarudi. Bi Mwajabu akaanza kulilia mashangazi. Shangazi wa bara, shangazi wa kisiwani, mashangazi aliowazaa kwa mdomo wake mwenyewe. Majirani walikuja, wakala wali, wakaomba dua, wakaondoka. Baadaye wakaelewa, wakacheka, wakaendelea kuja. Wakawa wanaulizana asubuhi, "Leo zamu ya nani?"

Ikatokea siku tajiri wa mabati akanunua kipande cha ukanda kwa mlango wa nyuma, kipande cha mbele ya nyumba ya Mzee Ngwali. Alikuja na mtambo wa kuchimba, unanguruma. Bi Mwajabu yuko na kikaango chake, hana maiti, hana turubai, mashangazi wameisha. Akatazama huku na huku. Akaona mlango wa Bi Kidawa umefungwa, na Bi Kidawa ni mtu asiyetoka nje. Bi Mwajabu akavua kitambaa kichwani, akakitupa, akapiga yowe: "Kidawa wetu jamani! Kidawa katutoka! Uwiii!"

Ndago nzima ikaja mbio. Safari hii hawakujua kama ni zamu, maana aliyetajwa wanamfahamu. Wanawake wakaangua kilio cha kweli mbele ya mtambo. Dereva akauzima, akashuka, akakaa chini akashika shavu. Na nani anarudi kutoka sokoni muda ule ule, amebeba pamba kichwani? Mzee Ngwali. Akasikia jina. Akaiachia pamba ikatawanyika njiani, akalia kama mtoto, wakamshika wanaume wawili.

Mlango ukafunguliwa. Bi Kidawa akasimama kizingitini, mkono kwenye fremu. Akauliza, "Jamani, kelele zote hizi, mnamlilia nani?"

Mzee Ngwali akasema, "Tunakulilia wewe, mke wangu."

Cheka, cheka, mimi sikukatazi. Lakini Bi Kidawa hakucheka. Alisimama pale akasikia watu wakiinuka mmoja mmoja, wakikung'uta mikeka. Akasema, "Mwajabu, mimi na wewe hatukugombana hata siku moja," akafunga mlango. Hata hivyo majirani walikuwa wameshaleta turubai wakalifunga, na dua imeshaanza, na tajiri akasema kipande chenye mkosi namna hii hakitaki hata bure. Akaondoa mtambo. Na ule ukanda ukabaki mtupu.

Halafu, baada ya mameya wengi kuliko ninavyotaka kuwakumbuka, treni ikaja kweli. Nasema wahandisi wakaja, na mitambo, na vyuma, na kofia ngumu. Kwa nini Kurunge na si mji mwingine? Kwa sababu miji mingine yote ilikuwa imejenga mpaka mlangoni, na Kurunge peke yake ilikuwa na njia iliyo wazi. Ndago wakapiga vigelegele. Mzee Shomvi, na moyo wake ule mbovu, akacheza.

Njia ilikuwa wazi isipokuwa nyumba moja.

Halmashauri ikamwambia Mzee Ngwali, "Hama, tutakupa kiwanja." Akasema, "Sihami. Mke wangu anaona kwa kuta hizi. Mkizivunja kuta mmempofusha mara ya pili." Wakamwita Kondo aupinde mstari. Kondo akasema mstari haupindi, treni si mbuzi wa kuzunguka kichaka. Wakamrudia Ngwali, sihami. Wakamrudia Kondo, sipindi. Hawa wawili walikaza kama kwamba wamekunywa gundi chungu kimoja! Mvua za masika zikaisha, wahandisi wakachoka kukaa, wakafunga mitambo yao wakaenda mji wa jirani. Wakasema watarudi wakimaliza huko. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja.

Katika kungoja huko, moyo ukamshika Mzee Shomvi. Bi Mwajabu akamwita mwenye gari, wakampakia, wakaingia barabara ile ile moja. Foleni. Mbele lori, nyuma lori. Mzee Shomvi akamwambia mkewe, "Tumefika?" Akasema, "Karibu, baba, karibu." Akakata roho hapo hapo, hospitali hata paa lake halijaonekana.

Bi Mwajabu akarudi Ndago na mumewe. Akashuka, akapiga yowe. Na Ndago wakafanya nini? Wakasema, "Aa, Mwajabu huyo. Leo zamu ya nani?" Wakaendelea kupika. Akalia zaidi, wakasema leo kazidisha. Mzee Ngwali alikuwa dirishani anashona godoro. Alimsikia waziwazi. Akasema, "Alimlilia mke wangu yuko hai, namjua huyu," akavuta dirisha akalifunga. Mzee Shomvi alizikwa na mkewe, dereva wa gari na mchimba kaburi. Jeneza lilibebwa na watu waliolazimika kupumzika njiani.

Nyamazeni kidogo. Najua mnataka kusema alijitakia. Hata mimi husema hivyo nikiwa na hasira. Lakini mimi sikuwahi kumzika mtu wangu hivyo.

Habari ilipojulikana, Ndago iliona aibu. Na watu wakiona aibu hawaombi msamaha, wanatafuta neno. Wakaanza kusema Bi Mwajabu ana mkosi, amewalilia wazima mpaka kifo kimejibu. Mwenye nyumba aliyempangisha akamwambia ahame. Akabisha hodi kila mlango Ndago, kila mlango ukasema hakuna chumba. Akaishia kulala jikoni kwa binamu yake, miguu karibu na jivu.

Mzee Ngwali naye alikwenda makaburini, akaliona lile kaburi jinsi lilivyochimbwa kwa haraka. Akarudi akamweleza mkewe kila kitu, foleni, na jeneza, na dirisha alilolifunga. Bi Kidawa alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Vunja."

"Mke wangu, kuta zako?"

"Wameshanililia mara moja," akasema. "Vunja, treni ipite. Asife mwingine njiani kwa ajili ya jikoni langu."

Mzee Ngwali akaivunja nyumba kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe. Akaenda halmashauri kuchukua kiwanja alichoahidiwa. Wakampa! Hawakumdhulumu, wakampa na karatasi yenye muhuri. Akaenda kukitazama. Kilikuwa katikati ya uwanja wa mpira wa shule, goli moja ndani na goli moja nje. Akarudi kulalamika, wakamwambia njoo wiki ijayo. Nimechoka hata kusimulia. Akapanga chumba kimoja uani kwa watu, na Bi Kidawa akawa hawezi tena kwenda hata msalani bila kushikwa mkono. Alijigonga mpaka magoti yakawa na madoa. Mwanamke aliyekuwa anapika mwenyewe sasa alingoja kulishwa, na hakuzoea, akakonda.

Wahandisi wakarudi, wakajenga. Na mnakumbuka niliwaambia mchoro ule haukusomwa? Katika mchoro ule Kondo, enzi za ujana wake, alichora kwenye stesheni ya Ndago nyumba ndogo ya mkuu wa stesheni: chumba kimoja, sebule, jiko na kibaraza. Siku hizi stesheni hazina mkuu, tiketi inatolewa na mashine. Lakini mchoro una nyumba, na wajenzi hujenga kilicho kwenye mchoro. Vikao vyote vile, chai yote ile, hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, hii nyumba ya nani?" Wakaijenga. Wakaipaka rangi ya krimu. Wakaipigia mlango, wakatia kufuli.

Siku ya uzinduzi meya wa wakati huo akaja na mkasi wake. Treni ikafika, tupu, inang'aa, watu wakashangilia. Meya akakata utepe, kisha akaona nyumba. Akauliza, "Hii nyumba ya nani?" Hapo ndipo swali lilipoulizwa! Karani akamnong'oneza kwamba haina mwenyewe. Meya, kwa kuwa watu wanatazama, akainua ufunguo juu akatangaza: "Nyumba hii apewe mtu aliyetuletea treni."

Akashangiliwa. Na watu watatu wakasogea mbele.

Bwana Kondo alikuwa na sanduku. Alikuwa amestaafu wiki ile ile, na nyumba ya serikali wamemtaka aiache. Akasema, "Meya, mimi niliiona Ndago ikiwa vichaka. Walinicheka. Walinitaka nitie sahihi ukanda uuzwe, nikakataa mpaka nikazeeka karibu na choo. Wenzangu wana nyumba, mimi nina sanduku. Bila mimi, treni ingepita wapi?"

Watu wakasema, "Kweli."

Bi Mwajabu akasema, "Kukataa sahihi si kitu, shemeji yangu. Tajiri wa mabati alinunua bila sahihi yako, na mtambo ukafika. Aliyeuzuia ni mimi. Nimelia mpaka sauti imepasuka. Nimelilia wasiokufa, na wangu alipokufa hamkuja. Hamkuja! Nyote mliosimama hapa mnanikwepa macho. Leo silali popote ila jikoni kwa mtu, kwa sababu nyumba zenu zote zimejaa. Bila mimi, treni ingepita wapi?"

Watu wakatazama chini, wakasema, "Kweli."

Mzee Ngwali akasema, "Huyu alikataa kutia sahihi, na huyu alilia. Mimi nilivunja. Nyumba yangu ilikuwepo kabla ya rula ya Bwana Kondo, na nyumba hii imesimama karibu na pale pale ilipokuwa yangu. Wote ninyi mmepata treni. Mimi nimepata goli moja la uwanja wa shule. Siombi kwa ajili yangu, namwombea mke wangu arudi kujitegemea. Bila mimi, treni ingepita wapi?"

Watu wakasema, "Kweli."

Basi wangeishia hapo! Lakini Bi Mwajabu akamgeukia: "Ungevunja mara ya kwanza, mume wangu angefika hospitali kwa treni." Mzee Ngwali akamgeukia Kondo: "Ungepinda kidogo, nisingekuwa na cha kukataa." Kondo akamgeukia mzee: "Ningepinda kwako, ukanda wote ungeliwa, na treni usingeiona." Na Ngwali akamrudia Bi Mwajabu: "Ungemwachia tajiri kipande kile, treni isingekuja kabisa na mke wangu angekuwa bado ndani ya kuta zake." Kila mmoja alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi katika kisa hiki, hakuna hata mwongo mmoja wa kumfukuza!

Najua wewe mwenye koti unataka kusema wagawane. Kila mara kuna mtu wa kusema wagawane. Meya naye alisema. Bi Mwajabu akajibu, "Nilale paa moja na mtu aliyenifungia dirisha?" Mzee Ngwali akajibu, "Nami nimlaze mke wangu karibu na aliyemzika hai?" Na wote wawili wakasema, na mwenye rula asilete sanduku lake. Chumba ni kimoja, nimeshawaambia.

Meya akafuta jasho. Akasema, "Nitaunda kamati." Watu wakazomea, hata treni ikapiga honi. Meya akakasirika, akaubwaga ufunguo juu ya meza ya utepe. "Basi amueni wenyewe! Mkishindwa, kesho naifanya ghala la mafagio ya halmashauri." Akapanda treni.

Hakuna aliyemuuliza Bi Kidawa. Alikuwa amesimama pembeni, mkono begani kwa mumewe. Akasema taratibu, "Mimi sina madai. Mlango uko upande gani?"

Hapo mvua ikashuka, ile ya matone makubwa. Wananchi wote wa Ndago, waliosema kweli, kweli, kweli, wakakimbilia ndani ya treni. Humo pakavu, viti vipya. Milango ikajifunga, treni ikaondoka, ikapita mbele ya foleni, ikapita mbele ya hospitali, ikafika sokoni mtu hajamaliza hata salamu. Walifurahi sana.

Kwenye kibaraza cha ile nyumba wakabaki watu wanne, migongo ukutani, maji yanawapiga miguuni. Kondo amekaa juu ya sanduku. Bi Mwajabu amejifunga khanga kifuani, anatetemeka. Mzee Ngwali ameshikilia mkono wa mkewe, na mkono wa pili wa Bi Kidawa unapapasa ukuta mpya, polepole, unatafuta. Hakuna anayeuchukua ufunguo, maana kila mmoja anajua wengine wanadai nini.

Haya, nimemaliza, na mmoja mmoja tafadhali. Ninyi mliopanda treni mkafika sokoni mkiwa wakavu: je, kati yao, nani alistahili kufunguliwa mlango?